Barua ya wazi kwa mahakimu wa Kilimanjaro: Wasomeeni na kifungu cha 121

Kwa waheshimiwa mahakimu wa Mahakama za Mwanzo na za Wilaya mkoani Kilimanjaro, na kwa wajumbe wa mabaraza ya usuluhishi ya ndoa ya kata, kuanzia Siha hadi Rombo.

Mimi ni mwalimu mstaafu, mkazi wa huku mlimani, na niliwahi kukaa miaka kadhaa kwenye benchi la baraza la kata nikisikiliza ugomvi wa mume na mke. Sikusomea sheria. Ninachokuja kuwaomba hakihitaji bajeti wala kikao cha Bunge. Siku mnaposoma hukumu ya talaka yenye amri ya matunzo ndani yake, wasomeeni wahusika wote wawili kifungu cha 121 cha Sheria ya Ndoa, na mkiandike kwenye nakala ya hukumu watakayokwenda nayo nyumbani.

Ninyi mnakijua, ila wasomaji wengine wa barua hii huenda hawakijui, kwa hiyo nikieleze. Kinasema kwamba mahakama inaweza, wakati wowote na mara kwa mara, kubadilisha au kufuta amri ya matunzo iliyopo. Anayeweza kuomba ni yule anayelipwa au yule anayelipa. Mahakama iridhike tu kwamba amri ilitolewa kwa kutegemea maelezo ya uongo au kosa kuhusu ukweli wa mambo, au kwamba hali imebadilika kwa kiasi kikubwa tangu amri itolewe. Ni hayo tu. Sheria hii ilianza kutumika tarehe 1 Mei 1971, na kifungu hiki kimo humo siku zote hizo. Hata hivyo, katika watu wote waliowahi kuniletea karatasi zao za mahakama niwasomee, sijakutana na hata mmoja aliyekisikia kikitajwa siku ya hukumu yake.

Wanachokijua ni rufaa. Rufaa wameambiwa: siku 45, zikipita umechelewa. Mtu akitoka mahakamani bila kukata rufaa anaamini kila kilichoandikwa mle kimeshafungwa kwa lakiri, aliyepewa kidogo avumilie na aliyetwishwa kikubwa naye avumilie. Lakini rufaa ni malalamiko dhidi ya hakimu, kwamba alikosea siku ile. Anayeleta ombi chini ya kifungu cha 121 hamlaumu hakimu hata kidogo. Anasema ulihukumu vizuri, mheshimiwa, ila miaka imepita na mambo hayako tena kama ulivyoyakuta.

Nichukue mfano wa mama mmoja wa upande wa Vunjo. Jina na kijiji chake naviacha. Alikuja kwangu na nakala ya hukumu ndani ya bahasha ya kaki, imekunjwa mara nne, na mikunjo ilikuwa imeanza kuachia akaibandika kwa solotepu. Muhuri umefifia. Sentensi moja tu ilikuwa imepigiwa mstari kwa kalamu nyekundu, kwamba mdaiwa atamlipa mdai Sh. 40,000 kila mwezi kwa ajili ya matunzo. Hukumu ilisomwa 2014. Wakati ule alikuwa na cherehani yake barazani pale Himo, akishona sare za shule, na bila shaka hakimu alilitazama hilo alipopanga kiwango. Sasa kisukari kimeshambulia macho, uzi hauingii tena kwenye tundu la sindano, na cherehani ameiuza. Mtalaka wake naye hakubaki pale alipokuwa, kwani siku hizi ana Fuso mbili barabarani. Hela imebaki ile ile arobaini. Mwezi huu inaingia kwenye simu, mwezi ujao haiingii. Nilimuuliza kwa nini hajarudi mahakamani. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa jambo la ajabu: “Mwalimu, kesi si iliisha?”

Talaka iliisha, ndiyo. Matunzo hayaishi namna hiyo. Kwa kifungu cha 119, kama mahakama haikuweka muda mfupi zaidi na kama amri haikufutwa, matunzo yasiyowekewa dhamana yanaendelea mpaka mmoja wao afariki. Kifungu cha 120 kinasema haki hiyo inakoma anayelipwa akiolewa au akioa tena. Sasa fikirini wenyewe: sheria inayoruhusu amri iishi miaka thelathini ingewezaje kutegemea kiwango cha siku moja? Ndiyo maana kifungu cha 121 kikafuata hapo hapo. Waliotunga walijua kwamba Sh. 40,000 ya mwaka huu haitanunua kesho inachonunua leo.

Mfano wa kiwango kilichogandishwa tunao. Ile sheria ya enzi ya mkoloni kuhusu matunzo ya mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa iliweka kikomo cha shilingi 100 kwa mwezi. Shilingi ikashuka, bei zikapanda, tukapitia ile miaka ya themanini ya foleni za sukari, na kikomo kikabaki kitabuni mpaka Sheria ya Mtoto ya 2009 ilipokuja kuiondoa sheria hiyo. Mwishoni shilingi 100 ilikuwa haitoshi hata nauli ya daladala ya kuifuata mahakamani. Kwa mke na mume waliotalikiana hatukuwekewa kikomo cha aina hiyo. Tunakiweka wenyewe kwa kunyamaza.

Niseme sasa kwa nini jambo hili linauma zaidi huku kwetu kuliko pengine mahali pengine.

Mwanamke wa mlimani akiolewa anaingia kwenye kihamba, shamba la ukoo wa mume. Migomba juu, kahawa chini yake, magimbi kandokando ya mfongo, yaani mfereji wa maji, ng'ombe zizini anayekatiwa majani kila siku na kutolewa samadi kila siku. Anaitunza ardhi ile miaka ishirini au thelathini. Ndizi na maziwa ni vyake, anavipeleka soko la Mwika au Kiboriloni na kile anachopata kinakuwa chumvi, sabuni na daftari. Kahawa ni ya mwanamume. Fedha yake huingia mkononi mwa mwanamume na kutoka kwa mpango wake. Ndoa ikivunjika ukoo unakaa kikao, na mnajua kitakachosemwa kabla hakijasemwa: ardhi ya babu haigawiwi mtu anayetoka. Anaondoka na sanduku la nguo, pengine na ndama, arudi kwa kaka zake ambako nako wake za kaka tayari wameshagawana migomba.

Sheria kwa kweli haiko upande wa ukoo moja kwa moja. Kifungu cha 114 kinaitaka mahakama iangalie mchango wa kila mmoja kwa fedha, mali au kazi, na kinagusa hata mali ya mmoja wao ya kabla ya ndoa ikiwa imeendelezwa kwa kiasi kikubwa na mwenzake au kwa juhudi za wote wawili. Mwaka 1983, katika shauri la Bi. Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali ilitamka kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango unaohesabika. Shauri hilo hutajwa kwenye kila semina ya haki za wanawake, na ni haki litajwe, ingawa wanaolitaja husahau kusema kwamba Bi. Hawa mwenyewe hakuongezewa kitu, kwa sababu mahakama iliona kwamba mumewe alikwisha kumpa fedha na yeye akazitapanya. Mwaka 1999 Sheria ya Ardhi ya Vijiji nayo ikaja kukataa mila zinazomnyima mwanamke ardhi.

Yote hayo yapo. Lakini mnaosikiliza mashauri haya mnajua mgawanyo unavyoishia: nyumba inakadiriwa thamani, ng'ombe wanahesabiwa, mama anapewa sehemu ya fedha, kihamba kinabaki na ukoo. Baada ya hapo kinachomuunganisha na jasho lake la miaka yote ile ni ule mstari mmoja wa matunzo. Mstari huo ukipoteza thamani, amepoteza vyote.

Hapa niweke tahadhari, maana nimeona watu wakichanganya. Mgawanyo wa mali ya ndoa hauguswi na kifungu cha 121. Aliyepewa robo ya nyumba hawezi kurudi baada ya miaka kumi kusema sasa nataka nusu kwa sababu mwenzangu ametajirika. Huko njia ni rufaa au marejeo, tena kwa muda uliowekwa. Kinachobadilika ni matunzo. Ya watoto pia yanabadilika: kifungu cha 133 kinarudia karibu maneno yale yale kwa amri za malezi na matunzo ya mtoto, na huko anayeweza kuomba ni mtu yeyote mwenye maslahi katika jambo hilo. Bibi anayelea mjukuu Uru na hapati kitu ana mlango. Haambiwi tu.

Turudi kwenye kahawa, kwa sababu huko ndiko “hali imebadilika” inakoonekana wazi kuliko popote. Mei 2019 bei ya arabika kwenye soko la New York ilikuwa chini ya dola moja kwa ratili. Wakulima wetu wengi wakaikatia tamaa, wengine wakang'oa mibuni wakapanda parachichi na mahindi. Mahakimu waliopanga matunzo mwaka ule waliwaona wanaume waliokuja na stakabadhi za chama cha msingi cha ushirika zinazotia huruma, wakapanga kiwango cha huruma. Kwa mwaka ule walikuwa sahihi. Lakini Februari 2025 bei ile ile ilipita dola nne kwa ratili, juu ya rekodi iliyokuwa imekaa tangu 1977. Mwenye mibuni iliyotunzwa alipokea malipo ambayo baba yake hakuwahi kuyaona. Je, amri za 2019 zilipanda? Nani angeomba zipandishwe, ikiwa hakuna aliyejua kwamba inaombwa?

Sisemi bei ya New York iwe kipimo cha matunzo ya Kibosho. Mwenye shamba anaweza kuwa na mibuni kumi iliyozeeka, au akawa anadaiwa dawa na mbolea, na fedha ya mnadani inapita mikono mingi kabla haijamfikia. Kifungu cha 116 kinawapa kipimo chenu: uwezo wa mmoja na mahitaji ya mwingine kwanza, kisha nani alichangia kiasi gani kuvunjika kwa ndoa, na mila za jamii yao. Ninachosema ni kwamba uwezo na mahitaji huhama, na mkulima wa kahawa uwezo wake huhama kuliko wa mtumishi wa serikali mwenye mshahara.

Na kuna jambo jingine dogo ambalo sijui kwa nini halizungumzwi. Kwa nini amri zote huandikwa “kila mwezi”? Kahawa ya Kilimanjaro huchumwa kuanzia Julai, inaendelea mpaka Desemba. Mkulima hupata malipo ya awali anapofikisha kahawa chamani, na ya pili mnada ukishapita. Machi na Aprili mfuko wake ni mtupu, mvua inanyesha, ada za shule zimeshamkausha. Ukimwamuru alipe Sh. 50,000 kila mwezi unamfanya mvunja amri kuanzia Februari hata kama Desemba alikuwa na uwezo wa kulipa mwaka mzima kwa mkupuo. Mwanamke naye afadhali apewe laki nne Novemba na salio Januari kuliko kusubiri simu ilie kila tarehe 30 na isilie. Nimekisoma kifungu cha 115 na vinavyokifuata, sikuona mahali panapowalazimisha kuandika mwezi. Na amri iliyokwisha kuandikwa hivyo inaweza kurekebishwa kwa kifungu hicho hicho ninachokililia.

Isionekane nawatetea wanawake peke yao. Mlango huu una pande mbili.

Mwaka 2020 ulipoingia ule ugonjwa wa korona, mlima ulinyamaza. Ndege za kimataifa zilisimamishwa Aprili, zikaruhusiwa tena Mei, lakini wageni hawakurudi kwa ruhusa ya tangazo. Waongozaji wa watalii, wapishi na wapagazi, ambao wenyewe hujiita wagumu, walikaa mjini Moshi na mabegi yao ya mlimani yamening'inia ukutani. Namfahamu muongozaji mmoja aliyekuwa ameamriwa kumlipa mtalaka wake Sh. 150,000 kwa mwezi, kiwango kilichopangwa msimu wa watalii ukiwa umefura. Alilipa Machi kwa akiba. Aprili akakopa. Mei akazima simu. Hakuwa mtu mbaya, aliona aibu. Watalii waliporudi deni lilikuwa limeshamzidi kimo, dalali wa mahakama anatajwa, na watoto wakaacha kusalimiana na baba yao. Kama siku ya hukumu angeambiwa maneno mawili tu, kwamba hali ikibadilika njoo haraka uombe kupunguziwa, angekwenda Aprili ile ile. Kazi yake ilikuwa imekufa kwa tangazo la serikali. Ushahidi gani mwingine angetakiwa kuleta?

Kuna pia mpagazi aliyeumia mgongo. Watu hudhani matunzo ni ya mke kutoka kwa mume tu, lakini kifungu hicho cha 115 kinairuhusu mahakama imwamuru mwanamke mwenye uwezo amtunze mume au mtalaka wake asiyeweza kujipatia riziki kwa sababu ya maradhi au majeraha ya mwili au akili. Wanaume wa kwetu hawataki hata kulisikia hilo. Afadhali afe njaa kuliko kuonekana analishwa na mwanamke aliyemwacha. Hiyo ni juu yao, ila waambiwe.

Wasipoambiwa, wanajitungia sheria yao wenyewe, na hapa ndipo madhara yanapozaliwa. Ya kwanza ni ile ya “nimeacha kulipa kwa sababu anaonekana na mwanamume”. Sheria imetaja ndoa mpya. Minong'ono ya kilabu cha mbege haikuitaja. Anayeamini mtalaka wake ameolewa tena aje mahakamani athibitishe. Akiacha kulipa kwa uamuzi wake mwenyewe, kila mwezi unaopita unahesabika kuwa deni.

Ya pili ni ile ya Desemba. Wachaga wanarudi nyumbani kwa Krismasi, mabasi yamejaa kutoka Dar es Salaam, mbuzi wanachinjwa, wazee wamekaa chini ya migomba. Mwanamume anatumia nafasi hiyo kumalizana na mtalaka wake: chukua huyu ng'ombe, chukua na milioni moja, tusidaiane tena. Mama anakubali kwa sababu milioni mkononi ni milioni. Mashahidi wanakunywa, wanapiga makofi. Hakuna karatasi inayokwenda mahakamani. Kifungu cha 118 kinaruhusu makubaliano ya namna hiyo, ya kulipa kwa mkupuo badala ya kila mwezi, lakini hayana nguvu mpaka mahakama iyaidhinishe. Miaka mitatu baadaye mama ameishiwa, anarudi na ile hukumu yake, na mwanamume anagundua kwamba milioni yake na ng'ombe wake havimkingi. Analia ametapeliwa. Wote wawili wanasema kweli kwa namna yao, na wote wawili wangeokolewa na nusu saa mbele ya hakimu.

Ya tatu ni kimya cha anayedai. Malimbikizo ya matunzo ni deni linalodaiwa mahakamani kama madeni mengine, lakini kifungu cha 124 kinazuia kudai yaliyopita zaidi ya miaka mitatu kabla ya kufungua shauri. Yule mama wa Vunjo ana miezi ambayo hela haikuingia tangu 2016. Ya zamani imeshakufa. Kila mwezi anaokaa nyumbani akiamini kesi iliisha, mwezi mwingine wa deni lake unavuka mpaka huo.

Najua mtakachonijibu, kwa sababu nimeshajibiwa na rafiki yangu mmoja aliyestaafu kwenye kazi yenu. Alisema: mwalimu, tukisoma kifungu hicho, kila Jumatatu korido itajaa watu wanaotaka kuongezewa elfu tano. Nina majibu mawili. Sheria inataka mabadiliko makubwa, na ninyi ndio mlinzi wa neno hilo. Aliyepandishiwa bei ya sukari mtamrudisha mlangoni kwa upole. Na korido tayari zimejaa. Zimejaa mashauri ya kukazia hukumu, ya watu waliofikia kuvunja amri kwa sababu hawakujua zinarekebishwa. Mnapokea jambo lile lile likiwa limeshaoza.

Alisema pia kwamba kutojua sheria si utetezi. Sawa. Lakini rufaa mnawaambia, na huko nako kutojua si utetezi. Mnafanya hivyo kwa sababu ni haki mtu ajue njia iliyo wazi mbele yake. Nashindwa kuona kwa nini njia hii nyingine inyamaziwe. Majirani zetu wa Kenya, ambako wanaume wengi wa Rombo huvuka Tarakea na Holili kutafuta riziki, wameweka kanuni kama hii kwenye Sheria yao ya Ndoa ya 2014. Kwa hiyo hata aliyeolewa na kuachwa upande ule ana mlango unaofanana na wetu.

Kwenu wajumbe wa mabaraza nina neno fupi. Kifungu cha 101 kinamtaka mtu apite kwenu kabla ya kuomba talaka, nanyi mkishindwa kusuluhisha mnamjazia Fomu Namba 3 aende nayo mahakamani. Hapo kazi yenu imeisha. Anayetaka kubadilishiwa kiwango cha matunzo hana ndoa ya kusuluhishwa, na kifungu cha 121 hakimtaki apite tena kwenu. Nimeona wanawake wakirudishwa kata, wakipangiwa tarehe tatu na wito wa mwanamume anayeishi Arusha, kwa ombi ambalo halikuwahusu wajumbe kabisa. Mkimwona mtu wa namna hiyo, mwelekezeni kwenye mahakama iliyotoa amri, na kama hawezi kuandika ombi lake, mwelekezeni kwa wasaidizi wa kisheria. KWIECO wako hapo Moshi na kazi hiyo wameifanya miaka mingi. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria, na wapo hata kwenye kata za juu.

Kwenu waheshimiwa mahakimu, ombi langu nimeshalitaja mwanzoni, lakini acheni nilipe sura ya kazi. Mwisho wa kila hukumu yenye matunzo, chini ya sentensi ya haki ya rufaa, iongezwe sentensi nyingine kwa Kiswahili cha kueleweka: kwamba amri hii ya matunzo inaweza kubadilishwa au kufutwa na mahakama kwa maombi ya upande wowote, hali ikibadilika kwa kiasi kikubwa, kwamba asiyeweza kulipa asiache kimya bali aje aombe, na kwamba makubaliano yoyote ya kumalizana kwa mkupuo yaletwe mahakamani yaidhinishwe. Karani aisome kwa sauti. Dirishani kwake iwepo fomu ya ukurasa mmoja ya ombi hilo, yenye nafasi ya kuandika kiwango cha sasa, kilichobadilika na ushahidi ulioambatishwa, kama vile stakabadhi za chama cha msingi, cheti cha hospitali, barua ya kuachishwa kazi au karatasi ya malipo. Na pale mdaiwa anapokuwa mkulima, muulizeni analipwa lini kabla hamjaandika “kila mwezi”.

Yule mama wa bahasha ya kaki nimeshamwandikia ombi lake kwa mkono, na ameniahidi kulipeleka. Lakini siwezi kuwaandikia wote, na wengi hawataniona. Ninyi mnawaona, kila mmoja wao, angalau siku moja: siku ya hukumu. Naomba sentensi hiyo ianze kusomwa kwenye hukumu zitakazotoka kabla ya Desemba hii, watu hawajarudi nyumbani na kuanza kumalizana chini ya migomba.

Wenu katika kutafuta haki,
Mwalimu mstaafu, Moshi Vijijini